Mwenye kisukari afanyaye mazoezi asiache kupima figo

Ndugu zetu Waislamu, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona kuwa mahali pake ni kwa tabibu, wala si katika ukurasa huu. Tunaomba mtuvumilie, kwani limetufika sisi wenyewe, na limewafika watu tunaoswali nao safu moja.

Hapa kwetu Tanga, baada ya Swala ya Alfajiri, si wote wanaorudi kulala. Lipo kundi la wanaume wa makamo na wazee ambao hutoka msikitini na kushika njia ya Raskazone, wakatembea kando ya bahari na kurudi kabla jua halijawa kali. Kina mama nao wana vikundi vyao. Wengi wetu katika kundi lile tunaunganishwa na jambo jingine zaidi ya swala na upepo wa bahari, nalo ni kisukari. Tuliambiwa kliniki kwamba tutembee, nasi tukatii. Siku za Jumapili vijana hujiunga nasi, na hapo kutembea hugeuka kuwa mchakamchaka.

Katika kundi hilo alikuwamo, na bado yumo alhamdulillahi, mzee mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi. Alikuwa ameishi na kisukari kwa miaka 14. Dawa zake, metformini na glibenklamidi, alizimeza pasi na kukosa, na kwa miguu hakuna aliyempita, hata waliomzidi ujana. Mwanzoni mwa mwaka 2022 sukari yake ya asubuhi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikicheza kati ya 9 na 11, ikaanza kushuka. Ikawa 7, ikawa 6, ikawa 5. Dawa ni zile zile, na chakula ni kile kile. Mzee akafurahi, akatuambia sote barazani kwamba kutembea kumemponya. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimtolea mfano katika darsa, tukawaambia vijana wamtazame mzee huyu.

Asubuhi moja akaanguka njiani. Alikuwa ametota jasho, na maneno yake hayaeleweki, hata waliokuwa karibu wakadhani kapatwa na kiharusi. Alipofikishwa hospitalini sukari yake ilisoma 1.9. Akatiwa dripu ya glukosi, akazindukana. Daktari aliyekuwa zamu hakuishia hapo. Alitaka kujua ni kwa nini mtu ambaye hakubadili dawa wala chakula ameshuka kiasi hicho. Damu ikapelekwa maabara, na jibu likarudi kwamba figo zake zilikuwa zimebakiwa na uwezo wa chini ya sehemu moja kati ya tano ya uwezo wa kawaida.

Tulielezwa, nasi tunawaelezeni kama tulivyofahamu. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoiondoa insulini mwilini baada ya kumaliza kazi yake, na ndizo pia zinazotoa masalia ya dawa kama glibenklamidi. Zikidhoofika, insulini hukaa katika damu muda mrefu zaidi, na dawa ya leo huikuta ya jana haijatoka. Sukari basi hushuka. Mwenyewe hutazama mashine yake ya kupimia, akaona namba nzuri, akamshukuru Mola wake kwa kupona, kumbe namba ile nzuri ni figo zinazokufa. Hakuna kosa katika kushukuru. Kosa lilikuwa letu sote tuliotosheka na namba moja.

Baadaye, pamoja na mwanawe mkubwa, tulilipekua daftari lake la kliniki. Uzito umeandikwa, presha imeandikwa, na sukari imeandikwa kila mwezi kwa mwandiko wa wauguzi mbalimbali. Katika miaka yote 14 hapakuwa na mstari hata mmoja wa kipimo cha figo. Tulipomuuliza, alisema hakuwahi kuumwa kiuno, mkojo ulitoka vizuri, na mtu anayetembea kilomita sita kila siku atapimwa figo za nini? Ukweli ni kwamba hakuwahi kuambiwa, naye hakuwahi kuuliza.

Hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwenye kisukari asiyefanya mazoezi walau ana hofu. Anajijua kuwa hajitunzi, na hofu hiyo siku moja humpeleka kupima. Anayefanya mazoezi hujiona yuko salama, na jamaa zake humwona yuko salama, na hata mhudumu wa kliniki akimtazama alivyo mkakamavu humpitisha haraka amwangalie aliyedhoofu. Hivyo mtu mwenye bidii ndiye anayechelewa.

Tuseme kidogo juu ya figo zenyewe, kwani katika uumbaji wake mna mazingatio makubwa. Kila mmoja wetu amepewa mbili, kila moja ukubwa wake kama ngumi, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo mno vikadiriwavyo kuwa kama milioni moja. Kwa mchana na usiku mmoja vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, kisha karibu yote yakarudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja hadi mbili tu. Sukari iliyozidi, ikisaidiwa na shinikizo la damu, huviharibu vichujio hivyo polepole kwa miaka mingi. Inakadiriwa kwamba takriban mmoja kati ya kila watu wazima watatu wenye kisukari hupatwa na maradhi ya figo. Na kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametupa uwezo mkubwa kuliko haja yetu ya kila siku, mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake asihisi chochote. Hakuna maumivu wala homa. Miguu kuvimba, mkojo kutoa povu jingi, kichefuchefu, kuwashwa mwili na kuishiwa pumzi ni dalili ambazo mara nyingi huja wakati mambo yameshaharibika. Anayengoja dalili anangoja kitu kisichokuja kwa wakati.

Kinachokuja mapema ni protini iitwayo albumini. Kichujio kizima huizuia isipite, na kikianza kuharibika huivujisha kidogo kidogo katika mkojo. Kiasi hicho cha mwanzo ni kidogo mno hata kijiti cha kawaida cha kuchovya katika mkojo mara nyingi hakikioni, na mtu huambiwa kuwa mkojo wake ni safi. Kipimo kinachotakiwa ni kile kinachopima albumini na kuilinganisha na kreatinini katika mkojo ule ule. Hakihitaji kukusanya mkojo wa siku nzima katika dumu, kama walivyofanya watu zamani. Kikopo kidogo kinatosha, na mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Jibu likiwa chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini, ni la kawaida. Kuanzia 30 hadi 300 ni alama ya hatari inayowezekana kushughulikiwa, na kupita 300 ni uharibifu mkubwa zaidi. Zipo maabara zinazotumia kipimo kingine, na kwao mpaka wa kwanza huandikwa 3, si 30, kwa hiyo mtu asilinganishe karatasi yake na ya jirani kabla ya kutazama vizio vilivyoandikwa.

Pamoja na mkojo, hutolewa damu ikapimwa kreatinini, na kutokana nayo maabara hukokotoa kiwango cha uchujaji, ambacho katika karatasi ya majibu huandikwa eGFR. Kikiwa 90 au zaidi ni kizuri, na kikishuka chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi ni maradhi sugu ya figo. Kikifika chini ya 15, figo zimeshindwa. Vipimo hivi viwili ni kama mashahidi wawili: mmoja huweza kunyamaza na mwingine akasema. Wapo ambao mkojo wao umeshaanza kuvujisha albumini hali uchujaji bado ni mzuri, na wapo kinyume chake. Ndiyo maana madaktari huvitaka vyote viwili.

Na muda wake? Mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi wetu watu wazima, hupimwa tangu siku anayogunduliwa, kwani huenda alikaa nacho miaka bila kujua. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, huanza baada ya miaka mitano. Baada ya hapo ni kila mwaka kwa wote, na mara nyingi zaidi kwa ambaye tatizo limeshaonekana. Mazoezi hayabadilishi hesabu hii hata kidogo.

Sasa tuwasimulie yaliyotupata sisi. Tuligunduliwa kisukari mwaka 2015, na baada ya mkasa wa mzee tukaona haya, kwani daftari letu halikuwa na tofauti kubwa na lake. Tukaenda kupima siku ya Jumatatu asubuhi. Jumapili yake, na hapa tunaungama, tulikuwa tumekimbia kilomita 10 na vijana chini ya jua, kwa ubishi tu, kwa kuwa mmoja wao alisema masheikh hawawezi. Jibu la mkojo likaja 74. Usiku ule hatukupata usingizi. Mama wa watoto aliposikia, alivichukua viatu vyetu vya mazoezi akavificha mahali ambapo hadi leo hajatuonyesha, akaapa kwamba mbio zimeshatumaliza.

Tuliporudi kwa daktari, kijana wa umri wa mwanetu, alitupa shikamoo, akatazama karatasi, kisha hakusema lolote juu ya figo.

"Sheikh, siku moja kabla ya kipimo ulifanya nini?"

Tukamweleza. Akatabasamu, akasema, "Basi hatujui bado. Nenda, urudi baada ya wiki mbili, na siku mbili kabla ya kuja usikimbie."

Mara ya pili ilikuwa 18, na miezi mitatu baadaye ikawa 21.

Ni kwamba mtu akifanya mazoezi makali, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, mwenendo wa damu ndani ya figo hubadilika kwa muda, na albumini kidogo hupenya hata kwa mtu mwenye figo nzima. Wakati mwingine baada ya mbio ndefu hata chembe za damu huonekana katika mkojo. Kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya siku moja au chache. Kutembea taratibu hakuna athari kama ya kukimbia au kunyanyua vyuma, lakini aliyejizoeza kujisukuma na apumzike walau saa 24 kabla ya kutoa mkojo, na siku mbili ni bora zaidi. Si mazoezi peke yake yanayopandisha jibu hilo. Homa, uambukizo wa njia ya mkojo, sukari iliyopanda sana, presha iliyopanda sana, na hedhi kwa wanawake, yote huweza kulichafua. Dada zetu wasione haya kumwambia mhudumu kwamba wako katika siku zao na kuomba tarehe nyingine; hilo ni katika ukamilifu wa kipimo.

Kwa sababu hiyo daktari mwangalifu hamhukumu mtu kwa mkojo mmoja. Hutaka majibu mawili kati ya matatu yawe juu ya mpaka, yakiwa yamechukuliwa katika muda wa miezi mitatu hadi sita. Aliyepata jibu baya mara moja asikate tamaa, na wala asiache mazoezi kwa kitisho cha karatasi moja.

Lakini tunakhofu kwamba wapo watakaoisoma aya hiyo iliyopita na kuichukua nusu. Ndugu yetu mmoja katika kundi lile lile alipata 160. Alikuwa amesikia habari yetu, akasema, "Ni mazoezi tu, hata sheikh alipatwa na hayo hayo," akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakurudia kipimo. Mwaka uliofuata, akiwa amepumzika kama inavyotakiwa, jibu lilikuwa zaidi ya 400. Mazoezi ni sababu ya kurudia kipimo, hayawi sababu ya kukitupa. Mwaka mzima ulipotea, na katika maradhi haya mwaka ni kitu.

Kipimo cha damu nacho kina mitego yake kwa watu wa mazoezi. Kreatinini hutokana na misuli. Kijana mwenye kisukari aliyejaza kifua na mikono kwa kunyanyua vyuma huweza kuwa nayo nyingi, na hesabu ya maabara ikaonyesha figo zimedhoofu hali ni nzima. Wengine hutumia unga wa kuongeza misuli wenye kreatini, nao hupandisha namba hiyo. Amwambie daktari bila kuficha. Kinyume chake, bibi aliyekonda huweza kuwa na kreatinini ndogo ikadhaniwa figo zake ni nzuri kuliko zilivyo. Palipo na shaka kipo kipimo kingine cha damu kiitwacho sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli. Nyama iliyopikwa nayo hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa, kwa hiyo asubuhi ya pili ya Idd el-Hajj, baada ya pilau na mishikaki ya usiku, si wakati wa kwenda maabara.

Kuna jambo moja zaidi ambalo limeenea miongoni mwa wafanya mazoezi, nalo linatuudhi kwa wepesi wake. Mtu akirudi amechoka, goti linauma, hupita duka la dawa akanunua diklofenaki au ibuprofeni, akameza, na kesho tena. Dawa hizi hupunguza damu iingiayo katika figo. Kwa mtu mwenye kisukari, aliyepungukiwa maji kwa jasho, na anayetumia pia dawa za presha, zinaweza kuziangusha figo kwa siku chache. Muuza dawa hawezi kujua hayo yote asipoambiwa. Mwenye kisukari asizitumie bila ya ushauri wa tabibu wake.

Baadhi ya ndugu zetu husema: nikijua, itanisaidia nini? Kitu nisichokijua hakinisumbui, na aliyeandikiwa ameandikiwa. Neno hilo lina sura ya tawakkul, lakini halina tawakkul ndani yake. Mtume (S.A.W) alimwelekeza bedui kumfunga ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, na alipoulizwa kuhusu kujitibu aliwahimiza waja wa Mwenyezi Mungu wajitibu. Na katika Suratul Baqarah tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Ama kuhusu manufaa ya kujua, ni makubwa zaidi leo kuliko wakati wa wazee wetu. Mwaka 2001 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba losartani, dawa ya presha ambayo leo inajulikana na wengi, hupunguza kasi ya kuharibika figo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Mwaka 2020 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya sukari, hufanya hivyo kwa kiasi kikubwa, hata kwa wagonjwa wa figo wasio na kisukari. Aidha, daktari akijua hali ya figo hupanga upya dawa nyingine: metformini huangaliwa upya uchujaji ukishuka chini ya 45, na husimamishwa ukiwa chini ya 30, na glibenklamidi hubadilishwa kabla haijamwangusha mtu njiani. Presha hudhibitiwa kwa ukali zaidi, na chumvi hupunguzwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalofanyika kwa mtu ambaye hajapimwa.

Na mazoezi huendelea. Tunalisisitiza hili kwa ajili ya kina mama wenye kuficha viatu. Hata mwenye maradhi ya figo hushauriwa ajibidiishe kadiri ya afya yake, na kipimo kinachotajwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kwa watu wengine. Mazoezi hushusha sukari na presha, navyo ndivyo viwili vinavyozila figo.

Sisi Waislamu tuna sababu ya ziada, nayo ni Ramadhani. Kila mwaka huulizwa swali hili: mimi nina kisukari, nifunge au nisifunge? Sheikh hawezi kulijibu kwa kumtazama muulizaji usoni. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana fidia yake. Haya yako wazi. Lakini nani ni mgonjwa kwa maana hiyo? Mwenye kisukari ambaye figo zake ni nzima na sukari yake imetulia huenda akafunga kwa uangalizi. Yule ambaye figo zake zimedhoofu sana, kukaa bila maji katika joto letu hili la pwani, pengine akiendelea na mazoezi yake kabla ya kufuturu, ni kujitia katika madhara. Wawili hao huweza kuja kwetu siku moja, wote wakakamavu, wote wamevaa kanzu safi, na tofauti yao iko katika karatasi ya maabara tu. Madaktari hushauri uchunguzi ufanyike wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, yaani mwezi wa Rajabu, ili pawe na nafasi ya kurudia kipimo na kubadili dawa. Anayekuja kutuuliza usiku wa kuamkia mwezi mosi ametuachia kubahatisha.

Tumeulizwa pia mambo madogo ya fiqhi, nasi tunayajibu kwa ufupi. Kutoa damu kwa ajili ya kipimo hakumfunguzi aliyefunga, na ndivyo ilivyoamua Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997. Kubeba kikopo cha mkojo hakutangui udhu. Lakini aliyenacho mfukoni, hata kikiwa kimefunikwa barabara, asiswali nacho, kwani kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi swala yake haisihi. Akiweke kando kwanza. Na anayeona haya kupita na kikopo mbele ya watu, basi akitie katika mfuko mweusi apite. Hatukuona mtu aliyepungukiwa heshima kwa jambo hilo.

Neno letu kwa watoto wenye wazazi wa namna hii: safari ijayo ya kliniki mfuatane na baba au mama, na mlifungue daftari. Mtafute kipimo cha mkojo cha albumini na kipimo cha damu cha kreatinini, pamoja na tarehe zake. Msipoviona, muombe kwa adabu. Si kila zahanati ina kipimo cha albumini, na pengine mtaelekezwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, au maabara ya kulipia. Gharama ipo, hatuikani, lakini tumeona nyumba zikichangishana kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, bila ya mwisho kuonekana. Nchini mwetu kupandikiza figo kulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, nalo ni jambo la kushukuriwa, kwani kabla yake njia ilikuwa ni India. Hata hivyo, figo hiyo hutolewa na ndugu aliye hai, na si kila nyumba ina ndugu wa kufaa.

Mzee wetu alianza mashine mwaka 2024. Siku zake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Aliwaomba wauguzi wamweke katika zamu ya alfajiri ili awahi Swala ya Ijumaa, nao wakamkubalia, na mara nyingi huwahi, akaingia na bandeji mkononi akakaa kwenye kiti nyuma. Siku anazopata nguvu hutembea nasi hadi nusu ya njia.

Kundi letu limekubaliana kwamba Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Rajabu wote wenye kisukari tutakwenda kupima kwa pamoja, inshaallah. Jumapili yake hakuna kukimbia. Tutakaa barazani tu, na anayetaka kahawa ataipata bila kashata. Mzee ametuambia kwamba Jumatatu ni siku yake ya mashine, hivyo hataweza kufuatana nasi, lakini Jumapili atakuja.